Asilimia mbili zao, asilimia mbili zetu

Najua nimepotea. Wengine mmeuliza kama nimeacha kuandika. Hapana, ni kazi za wateja zilizonibana, na stima ya hapa Machakos nayo ilikuwa na mambo yake. Leo sina somo la programu. Leo nina hasira, na nitaieleza kwa utaratibu, asije mtu akasema ni hasira tupu.

Ilianza hivi. Jumapili iliyopita nilikwenda kumsalimu mjomba wangu upande wa Mwala. Baada ya chai akaniuliza: "Wewe umesoma mambo ya kompyuta, niambie. Hii mbarika wanayosema inageuzwa mafuta ya ndege, nikipanda ekari moja hapa nitavuna kilo ngapi?"

Nikatoa simu, nikaanza kutafuta. Dakika ishirini nzima. Nilipata habari za magazeti, taarifa za kampuni na picha za wakulima wanaotabasamu. Lakini idadi ya kilo kwa ekari, kwa udongo wa Mwala na mvua ya Mwala, iliyopimwa na mtu asiyenunua wala kuuza mbarika, sikuipata. Nikamwambia, "Mjomba, sijui." Akacheka, akasema basi hata shule hazina faida.

Mjomba hakuuliza ili kupoteza wakati. Nyuma ya zizi lake kuna ua wa jatrofa, mmea ambao wengine huuita mbono kaburi. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi wakati huo, lakini nakumbuka. Watu walipita wakiuza mbegu, wakisema mmea huu hauhitaji mvua, hauliwi na mbuzi, na mafuta yake yataendesha magari ya dunia nzima. Mjomba akatoa sehemu ya shamba la mahindi, akapanda. Mwaka wa kwanza hakuna kitu. Mwaka wa pili gunia moja, na mnunuzi hakurudi. Mwaka wa tatu aling'oa yote akabakisha ua.

Hakuwa peke yake. Miaka ile jatrofa ilipandwa sehemu nyingi za Kenya kwa maneno tu. Utafiti wa kina wa mashambani ulitoka mwishoni mwa mwaka 2009. Uliendeshwa na ICRAF, KEFRI na kampuni ya Endelevu Energy, na ulikuta mavuno ya wakulima wadogo ni duni sana, wengi wakipata hasara. Ushauri wake ulikuwa kwamba mkulima mdogo asipande jatrofa kama zao la shamba, aipande kama ua tu. Ndiyo, ua! Kile alichobaki nacho mjomba ndicho kile ambacho wataalamu walipendekeza, tofauti ni kwamba yeye alikigundua kwa mahindi ya watoto wake.

Sasa tazama mpangilio. Mbegu ziliuzwa kwanza, utafiti ukaja baadaye. Na aliyelipia utafiti ule ni GTZ, shirika la ushirikiano la Ujerumani, yaani mlipa kodi wa Ujerumani. Sisi tulilipa kwa shamba, wao wakalipa kwa utafiti, kisha wakatuambia tulichokosea.

Miaka zaidi ya 15 imepita na mjomba ananiuliza swali lile lile, ila mbegu ndiyo imebadilika.

Angani: mafuta yetu, hesabu zao

Kwa wale ambao hawajafuatilia, habari yenyewe ni kubwa na ni ya kweli. Mwaka 2022 kampuni ya Eni ya Italia ilifungua kiwanda cha kukamua mbegu za mafuta katika kaunti jirani ya Makueni. Mbegu zenyewe ni mbarika, pamba na kroton. Mwezi wa Oktoba mwaka huo shehena ya kwanza ya mafuta ikatoka bandari ya Mombasa kwenda Gela, kisiwani Sisilia, ambako kuna kiwanda cha kugeuza mafuta ya mimea kuwa mafuta ya injini.

Tarehe 25 Mei 2023 ndege ya Kenya Airways, Boeing 787, iliruka kutoka Nairobi hadi Amsterdam ikiwa imechanganyiwa mafuta endelevu yaliyotolewa na Eni hiyo hiyo. Ilisemekana ni mara ya kwanza kwa shirika la Afrika kufanya hivyo katika safari ndefu. Nilifurahi kama Mkenya mwingine yeyote.

Kwa ufupi, teknolojia iliyoenea zaidi ni hii. Unachukua mafuta ya mimea, au hata mafuta yaliyokwisha kukaangia chipsi, unayapitisha kwenye haidrojeni chini ya joto na shinikizo kubwa. Oksijeni inaondoka, inabaki minyororo ya hidrokaboni inayofanana na mafuta ya taa ya ndege. Unaruhusiwa kuchanganya hadi nusu kwa nusu na mafuta ya kawaida, na injini haihitaji kubadilishwa. Kemia yake haina uchawi. Ugumu uko kwenye bei, maana ni ghali mara mbili au zaidi, na uko kwenye mbegu: itoke wapi, nani aipande, na chakula kisipungue.

Swali hilo la mbegu ni letu kabisa. Ni swali la Mwala, Kibwezi na Kitui. Lakini nani anayelijibu?

Ulaya imepitisha kanuni iitwayo ReFuelEU Aviation mwaka 2023. Kuanzia 2025, mafuta yanayouzwa katika viwanja vyake vikubwa vya ndege lazima yawe na angalau asilimia 2 ya mafuta endelevu. Mwaka 2030 ni asilimia 6, na mwaka 2050 ni asilimia 70. Uingereza nayo imeanza na asilimia 2 mwaka 2025. Ndege yetu ikijaza mafuta Amsterdam, Paris au London, inalipia asilimia hizo, na wewe unazilipia kwenye tiketi. Kanuni ya Ulaya inaamua pia ni mbegu ipi inahesabika na ipi haihesabiki. Mafuta ya mazao ya chakula na malisho, kwa mfano, hayahesabiki.

Basi mtu mmoja, ofisini kwake Brussels, anaweza kuamua kama ekari ya mjomba ina thamani au haina. Sisemi ni mtu mbaya. Anafanya kazi yake, tena amefanya utafiti. Huko mradi wao wa ndege safi, Clean Aviation, umetengewa hadi euro bilioni 1.7 za umma, kisha kampuni zinaongeza zao. Mtu aliyefanya utafiti ndiye anayeandika kanuni. Asiyefanya anasomewa.

Na kampuni ya Italia pia siilaumu. Kampuni hupima mbegu ili ijue faida yake, ndiyo kazi ya kampuni. Kosa ni letu sisi tunaotarajia mnunuzi ndiye atueleze bei ya haki na mavuno ya kweli. Ukienda kununua ng'ombe Makutano, unamwuliza muuzaji peke yake kama ng'ombe ni mzima?

Barabarani: mfano wa kazi yangu mwenyewe

Turudi ardhini, kwenye mambo ninayoyajua vizuri zaidi.

Ukifungua ramani ya Google leo, utaona njia za matatu za Nairobi. Wengi wanadhani Google ndiyo iliyozichora. La! Ilikuwa kazi ya wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakishirikiana na wenzao wa Columbia na MIT, na kampuni ndogo iitwayo Groupshot. Mradi uliitwa Digital Matatus. Wanafunzi walipanda matatu wakiwa na simu mkononi, wakarekodi kila kituo kwa GPS. Njia zaidi ya 130! Mwaka 2014 wakatoa ramani na data bure kwa kila mtu, na Agosti 2015 data ikaingia Google. Hadi leo huwa nawaonyesha vijana wanaojifunza kazi kwangu mafaili yale. Ni maandishi matupu: faili moja ya vituo, moja ya njia, moja ya safari, zimetenganishwa kwa koma. Mtu yeyote anaweza kuyasoma.

Sasa nani alilipia? Wakfu wa Rockefeller, New York. Muundo wenyewe wa mafaili hayo ulizaliwa mwaka 2005 kwa ushirikiano wa Google na shirika la umma la usafiri la jiji la Portland, Marekani. GPS yenyewe ni kazi ya jeshi la Marekani. Intaneti iliyoyasafirisha ilianza mwaka 1969 kwa fedha za wizara ya ulinzi ya nchi hiyo hiyo. Sisi tulitoa miguu ya wanafunzi na vumbi la Eastleigh. Kama mradi ule haungempendeza mtu mmoja New York, tusingekuwa na ramani.

Nilipokuwa mwaka wa mwisho chuoni, nilitaka kufanya kama wao kwa huku kwetu: Machakos kwenda Nairobi kupitia Mlolongo, Machakos kwenda Tala kupitia Kangundo, Machakos kwenda Wote, Machakos kwenda Kitui. Niliandika programu ndogo ya kurekodi vituo, nikatumia wikendi tatu kupanda matatu. Makanga walinizoea, mmoja akaniita "Bwana Satelaiti". Nililipa nauli mwenyewe. Pesa zikaisha kabla sijamaliza njia ya Kitui.

Nikaandika ombi kwa ofisi moja ya umma ambayo sitaitaja. Niliomba nauli tu, jamani! Jibu lilikuja baada ya miezi minne: wazo ni zuri, lakini tafuta kwanza mshirika wa nje. Mshirika wa nje! Yaani ili Mkenya apimiwe njia ya Machakos na Kitui, lazima kwanza Mzungu fulani aipende.

Data ile bado iko kwenye folda yangu. Vituo vingine vimeshahama, nauli zimepanda mara kadhaa. Data ya usafiri ni kama maziwa, usipoishughulikia inaganda. Kwa hiyo hata ile ya Nairobi inahitaji mtu wa kulipwa kuifuatilia mwaka baada ya mwaka, na mfadhili hapendi kulipia ufuatiliaji. Anapenda uzinduzi.

Sheria ipo

Hapa ndipo hasira yangu inapotoka. Ningekuwa naomba kitu kipya ningeweza kusubiri. Lakini hiki ninachokiomba kimeshapitishwa na Bunge.

Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, nambari 28 ya mwaka 2013, iliunda Hazina ya Taifa ya Utafiti. Inasema chanzo chake kikuu ni fedha kutoka serikalini, kila mwaka wa fedha, sawa na asilimia 2 ya pato la taifa. Haikusema "tutajitahidi". Ilisema asilimia 2.

Fanya hesabu. Pato la Kenya mwaka 2023 lilikuwa karibu shilingi trilioni 15. Asilimia 2 ni shilingi bilioni 300. Reli ya SGR kutoka Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, iligharimu karibu bilioni 327. Yaani sheria yetu inaahidi utafiti wa thamani inayokaribia reli nzima, kila mwaka. Tangu ipitishwe, hakuna bajeti hata moja iliyokaribia hapo.

Kuna namba nyingine inayoniumiza zaidi. Takwimu za UNESCO za mwaka 2010 zilionyesha Kenya ikitumia karibu asilimia 0.8 ya pato lake kwa utafiti, na karibu nusu ya fedha hizo zilitoka nje ya nchi. Rudia kusoma: karibu nusu. Mwenye kulipa mpiga ngoma ndiye anayechagua wimbo, hilo hata mtoto anajua.

Kwa hiyo kuna asilimia mbili mbili. Ya Ulaya ilipitishwa mwaka 2023 na ikaanza kutozwa mwaka 2025, hata kwa ndege zetu. Ya kwetu ilipitishwa mwaka 2013 na bado tunaisubiri. Tunatii asilimia mbili zao, tunapuuza asilimia mbili zetu.

Mwaka huo huo wa 2013, hapa Malili, Rais Kibaki alizindua ujenzi wa Konza. Mimi nilikuwa shule, tukaambiwa tutafanya kazi huko. Konza leo ina barabara na majengo, na taasisi ya juu ya sayansi ya huko, ya mfano wa KAIST, imegharimiwa kwa mkopo wa Korea Kusini. Majengo tunakopa. Maswali ya kufanyia utafiti ndani ya majengo hayo nayo tutakopa?

Najua utakachosema

*Kwanza: watu wana njaa, hospitali hazina dawa, wewe unataka pesa za ndege?*

Hoja hii ni nzito, siichezei. Lakini angalia ni nani aliyekula hasara ya kutokuwa na utafiti wa jatrofa. Si tajiri wa Karen. Ni mkulima aliyeng'oa mahindi. Utafiti wa mbegu kabla ya mbegu kuuzwa ni kinga ya njaa. Na usafiri si anasa. Anayeamka saa kumi alfajiri Mlolongo ili awahi kazi mjini anajua gharama ya nauli na moshi kuliko waziri yeyote. Mwaka 2022 tulifunguliwa Expressway ya kilomita 27 inayoanzia pale pale Mlolongo. Ukiwa na gari na pesa ya kulipia, unapita juu. Wengine wamebaki chini, kwenye msongamano ule ule. Barabara ile haikujibu swali la mtu wa matatu, kwa sababu swali lake halijafanyiwa kazi na mtu aliyelipwa kulijibu.

*Pili: kwa nini tuvumbue wakati wengine wanavumbua? Wacha Wachina na Wazungu watafute, sisi tununue ikishakuwa rahisi.*

Tununue, sikatai. Mimi mwenyewe natumia maktaba za programu zilizoandikwa na watu nisiowajua, sianzi kila kitu upya. Lakini kila mwandishi wa programu anajua kwamba maktaba ya mtu mwingine inatatua tatizo la mtu mwingine. Sehemu ya mwisho unaiandika mwenyewe.

Mabasi ya umeme yako Nairobi tangu mwaka 2022, BasiGo ilipoanza majaribio na mabasi mawili ya BYD ya China. Serikali ya China iliwapa wanunuzi wa magari ya umeme ruzuku tangu 2009 hadi mwisho wa 2022, ndiyo maana leo betri zake ni nafuu. Kampuni ya Roam, inayounda pikipiki za umeme Nairobi, ilianza kama mradi wa utafiti wa chuo kikuu cha Linköping, Uswidi. Wote karibu sana! Lakini nani atakayepima betri inakaaje kwenye matatu iliyobeba kupita kiasi, inayopanda vilima vya Mua, kwenye barabara ya murram, mwezi wa Februari? Mchina hana sababu ya kupima hilo. Mswidi naye hana. Na sisi ndio tunaoweza kufaidi zaidi kuliko wao, kwa sababu karibu asilimia 90 ya umeme wetu unatoka kwenye mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Basi la umeme hapa ni safi kweli kweli, si la kuhamisha moshi kutoka barabarani kwenda kwenye kiwanda cha makaa.

*Tatu: sekta binafsi itafanya.*

Itafanya ile sehemu yenye faida ya karibu. Chukua Olkaria. Visima vya kwanza vilichimbwa miaka ya 1950, havikuleta umeme. Miaka ya 1970 wakarudi kuchunguza, kwa fedha za umma na za Umoja wa Mataifa. Mtambo wa kwanza, megawati 15, uliwaka mwaka 1981. Ni robo karne tangu jaribio la kwanza! Kampuni gani binafsi ingesubiri robo karne? Leo mvuke unatoa zaidi ya asilimia 40 ya umeme wa nchi. Mwaka 2008 serikali iliunda GDC kwa sababu hiyo hiyo, ili ibebe hatari ya kuchimba kisima ambacho huenda kikawa kikavu.

Hata M-Pesa, ambayo tunajivunia kila tukisafiri, majaribio yake ya mwaka 2005 yalichangiwa na karibu pauni milioni moja kutoka mfuko wa serikali ya Uingereza, DFID, na Vodafone ikaweka kiasi kama hicho. Mlipa kodi wa Uingereza alibeba sehemu ya hatari. Angalia nani anavuna.

*Nne, na hii ndiyo mnayoipenda: pesa zitaliwa. Kumbuka gari la Nyayo.*

Nakumbuka, ingawa sikuwa nimezaliwa. Mwaka 1986 Rais Moi alikiagiza Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya. Mwaka 1990 Nyayo Pioneer zikaonyeshwa Kasarani. Watu bado husimulia kwamba gari lilikataa kuwaka mbele ya Rais, na kila mtu akitaja utafiti wa umma, anachekwa kwa hadithi hiyo. Lakini jiulize nini kilikufa pale. Wahandisi walitoa magari ya majaribio kwa miaka minne. Kilichokosekana ni fedha za kuendelea, na michoro iliyo wazi ili mwingine aanzie walipofika. Uliandaliwa mradi wa kuonyeshwa kiongozi, haukuandaliwa mpango wa utafiti. Hata juzi juzi, mwaka 2018, Thika Road ilipakwa mstari mwekundu kwa ajili ya mabasi ya mwendo kasi kabla ya mabasi kuwepo. Rangi tunaimudu, shida yetu ni kinachopaswa kutangulia rangi.

Jirani zetu Uganda walianzia pabaya pia. Chuo cha Makerere kilionyesha gari la umeme, Kiira EV, mwaka 2011, kwa fedha za serikali yao. Watu wakacheka. Mwaka 2016 wakaleta basi la Kayoola lenye paneli za jua juu ya paa. Watu wakacheka tena. Lakini serikali iliendelea kulipa, ikaunda Kiira Motors, na mabasi ya umeme ya Kayoola yakafuata. Unaweza kuuliza kama wametumia pesa nyingi mno, na Waganda wanauliza, ni haki yao. Lakini wanaulizia kitu kilichopo.

Kuhusu pesa kuliwa: dawa yake sisi watu wa programu huria tunaijua. Weka kila kitu hadharani. Nani amepewa, kiasi gani, kwa swali gani, na matokeo yako wapi. Hitilafu hupatikana haraka macho yakiwa mengi. Pesa huliwa gizani.

Ninachotaka

Siombi bilioni 300 kesho asubuhi. Nianze na asilimia moja tu ya hizo, bilioni 3 kwa mwaka, kwa utafiti wa usafiri safi wa ardhini na angani. Nazo zifanye haya:

1. Mashamba ya majaribio ya mbarika, kroton na mbegu nyingine za mafuta katika kaunti kame, chini ya KALRO na KEFRI. Matokeo yatangazwe kila msimu kwa kilo na shilingi, yawe mazuri au mabaya, kabla ya mkulima kuombwa kupanda.

2. Data ya njia za matatu katika kaunti zote tano za NaMATA, yaani Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a, ikusanywe na vyuo vya huku huku, iwe huria, na mtu aajiriwe kuisasisha.

3. Vipimo vya betri za matatu na bodaboda kwenye barabara zetu, vichapishwe, ili mwenye matatu anayetaka kukopa anunue basi la umeme asitegemee karatasi ya muuzaji.

4. Wahandisi na wanasheria wetu walipwe kusoma kanuni za mafuta ya ndege na kuzijibu kwa takwimu zetu, kabla hazijapitishwa.

5. Sharti moja kwa kila atakayepewa shilingi: ripoti, data na msimbo wa programu viwekwe wazi. Kilicholipiwa na umma ni cha umma.

Hayo yote hayahitaji sheria mpya. Sheria ipo, imepitishwa, iko kwenye vitabu. Mbunge wako akija kuomba kura, mwulize jambo moja tu: asilimia mbili ziko wapi? Mwulize kwa jina la sheria na mwaka, usimpe nafasi ya kukwepa.

Jana mjomba alinipigia simu. Ameamua atapanda mistari michache ya mbarika kando ya ua wa jatrofa, ahesabu mwenyewe. Atanunua daftari, ataandika mvua na kilo, na mimi nitamwekea hesabu kwenye kompyuta. Mzee wa miaka 61 amejianzishia kituo cha utafiti kwa daftari la shilingi 50, kwa sababu nchi yake imeshindwa kutimiza sheria yake yenyewe. Akimaliza msimu wa kwanza nitaziweka takwimu zake hapa, bure, kwa yeyote anayezitaka.

Kama nawe una folda ya data ya matatu ya kwenu inayooza kwenye kompyuta, niandikie. Tuunganishe. Na kama unafanya kazi Hazina ya Kitaifa na umesoma hadi hapa, karibu sana, nafasi ya maoni iko hapo chini.